Mbwa na Safari ya Milimani

Wako wafanyakazi wapendao kuitumia likizo kwa kupanda vilima vya Kimwani, Wilayani Muleba, na kulala hemani pamoja na mbwa wao. Sisi hatuipingi starehe hiyo. Lakini twasema wazi kwamba safari isiyopangwa yaweza kuwadhuru wenyeji.

Kwanza, mipaka ijulikane. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019, iko jirani, na mbwa wa mtu haruhusiwi kuingia katika hifadhi ya taifa. Sheria hiyo si ya ubaguzi. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi, uliodhaniwa kutoka kwa mbwa wa vijijini, uliua kiasi cha thuluthi moja ya simba wa Serengeti.

Pili, mbwa achanjwe kichaa cha mbwa mwezi mmoja kabla ya safari, ili kinga ipate nguvu. Njiani afungwe kamba, maana vilimani kuna wachungaji, mbuzi na watoto. Akimwuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni kwa dakika 15, na majeruhi apelekwe hospitali siku ile ile. Dalili zikishatokea, ugonjwa huu karibu daima huua.

Tatu, mbung'o humwambukiza mbwa nagana. Hema na nguo za buluu na nyeusi huwavuta, ziachwe nyumbani.

Ndugu zetu, mbwa hajui sheria. Dhamana yote ni ya mwenye kuishika kamba.