Boma la Mahenge

Haya, sogeeni karibu. Mkitoka Ifakara mnavuka mto Kilombero, kisha barabara inaanza kupanda. Gari linanguruma, masikio yanaziba, na joto la bondeni linabaki nyuma. Huko juu ndiko Mahenge, mji wa Wapogoro.

Enzi za ukoloni, Wajerumani walipachagua hapo kwa hila. Akaaye mlimani humwona mgeni mapema, mgeni angali anahema kwenye mteremko. Wakajenga boma, wakaweka askari, wakadai kodi.

Mwaka 1905 ukaja uvumi kutoka Ngarambe, mbali sana upande wa mashariki. Kulikuwa na mganga, Kinjeketile Ngwale, mwenye dawa: maji, mtama na mafuta ya mbarika. Ukiinywa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Wajumbe walioisambaza waliitwa mahongo, nao walitembea kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Sasa sikilizeni ajabu hii. Tarehe 4 Agosti Wajerumani walimnyonga Kinjeketile. Mganga amekufa, lakini dawa yake bado iko njiani, inapanda milima!

Alfajiri moja, tarehe 30 Agosti, walinzi wa boma wakaona watu wanakuja. Si kumi, si mia, maelfu. Wapogoro, Wambunga na wengineo, mikuki na magobole mkononi, wanaita: “Maji! Maji!” Ndani ya boma Kapteni von Hassel alikuwa na askari wachache, na bunduki mbili za rashasha, zile ambazo wazee wa zamani waliziita bombomu.

Risasi hazikugeuka maji. Wa mbele walianguka, wa nyuma wakawaruka wakaja. Mimi hapa huwa nanyamaza kidogo kila ninaposimulia.

Msidhani waliobaki walikimbia wakaenda zao. Walilizingira boma kwa wiki kadhaa, mpaka Mjerumani mwingine, Kapteni Nigmann, alipofika kutoka Iringa na kikosi chake. Baadaye Wajerumani wakachoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko bombomu.

Na lile boma? Miaka 12 ikapita, vita vikubwa vya dunia vikafika hadi mlimani. Oktoba 1917 likaja jeshi la Wabelgiji, askari wake wengi wakiwa Wakongo. Wajerumani hawakungoja kupigwa. Boma lililowashinda wenye mikuki maelfu, wenyewe walishaliacha na kuondoka zao.