Stesheni Mgongoni mwa Simu

Waswahili walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kijisanduku kilichorembwa kikarembeka, ambacho mtu akikifunua huenda asikute cha maana ndani yake. Methali hii hunijia kila nionapo vijana wetu hapa Kisumu wakizivisha simu zao kava zenye picha za majengo ya kale, hasa stesheni za reli.

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja aliilaza simu yake mezani, mgongo ukitazama juu. Kwenye kava palikuwa na picha ya kijivujivu ya stesheni ya Kisumu, na chini yake maneno "Port Florence, 1901". Nikamwuliza vile vipande vilivyolala kingamo chini ya reli huitwaje kwa Kiswahili. Alitabasamu, akawatazama wenzake. Darasa zima likawa kimya.

Sina ugomvi na picha hiyo. Ni heri kijana abebe jengo la kwao kuliko mnara wa Paris ambao hajauona. Lakini tusidhani kuwa kulibeba jengo mgongoni mwa simu ndiko kulihifadhi. Mjini New York palikuwa na stesheni ya fahari iliyoitwa Penn Station, iliyofunguliwa mwaka wa 1910. Ilipigwa picha zisizo na hesabu, na bado ilianza kubomolewa mwaka wa 1963. Jirani yake, Grand Central, ilisalimika kwa kuwa raia walipaza sauti, jiji likatunga sheria mwaka wa 1965, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiunga mkono mwaka wa 1978. Nasi Kenya tunayo sheria ya makavazi na turathi ya mwaka wa 2006. Hata hivyo, sheria haina miguu. Huendeshwa na watu wanaojua wanachokitetea, na kujua huko huanzia katika maneno.

Hebu tuyatazame machache. Vile vipande vya chini ya reli ni mataruma. Taruma lilikuwa neno la mabaharia kwa mbao zinazoshikilia ubavu wa chombo. Reli ilipokuja, neno likatoka majini likapanda nchi kavu. Mbao zilizoshikilia jahazi zikawapa jina zinazoshikilia njia ya gari la moshi. Neno gari nalo asili yake ni Kihindi. Ulitamkapo stesheni, wakumbuke watu takriban 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi kuijenga reli hiyo, na takriban 2,500 miongoni mwao waliokufa kazini, mbali na Waafrika waliotoa jasho pamoja nao.

Na je, lile jina lililo chini ya picha? Reli ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa kwa jina la mke wa mhandisi. Lakini wenyeji walikwisha kuwa na jina lao, ambalo hulihusisha na neno la Kidholuo kisuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana bidhaa. Jina la mgeni halikudumu. La wenyeji lingalipo. Leo kijana wa Kisumu analirudisha lile lililokataliwa na mji wenyewe, tena kwa fedha zake, kwa sababu tu linapendeza machoni. Haya ndiyo matokeo ya kuachiwa picha bila maelezo: anayeichapisha ndiye anayetuchagulia la kukumbuka.

Sisi tuishio Otonglo, kati ya mji na Kisian, tunayo sababu ya kuharakisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 tawi la reli lilipelekwa Butere, likipita Kisian, Luanda na Yala. Wako wazee katika vijiji hivi waliokuwa madereva wa treni, magadi na makarani wa tikiti. Wanajua jina la kila chombo, kila ishara ya bendera na kila mlio wa honi. Istilahi hizo aghalabu hazimo katika kamusi za shule, na mzee mmoja akifukiwa, hufukiwa nazo. Ni kweli treni ya abiria ilirejea Kisumu Desemba 2021, baada ya reli ya kutoka Nakuru kukarabatiwa. Chuma hukarabatika. Neno lililokwisha kusahauliwa na msemaji wake wa mwisho halina fundi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu tusiwanyang'anye wanafunzi kava zao wala tusiwacheke. Tuzifanye kitabu cha kiada. Mwanafunzi aliye na picha ya stesheni na apewe zoezi la kumtafuta mzee mmoja wa reli, amwamkie kwa adabu, amwonyeshe picha hiyo, kisha aandike maneno kumi atakayoyasikia pamoja na maana zake, kwa Kiswahili na kwa Kidholuo au Kiluhya. Shule kumi zikifanya hivyo, tutakuwa na faharasa ambayo hakuna chuo kikuu kingeweza kuikusanya peke yake.

Kava huchakaa katika muda wa miezi michache, nayo hutupwa. Maneno kumi yaliyoandikwa daftarini yatamfaa hata mjukuu wa huyo aliyeyaandika.