Kupasuliwa mara ya pili si kukosa imani
Masomo: Marko 8:22-25, 1 Wafalme 19:4-8, Mathayo 26:36-46

Juma hili tunasema juu ya ugonjwa ambao katika makanisa yetu unatajwa kwa sauti ya chini: kansa ya titi. Leo hatusemi juu ya mama aliyechelewa. Tunasema juu ya yule aliyewahi. Alipapasa kivimbe kidogo kisichouma, akaenda hospitali, wakamwambia ni kansa lakini ingali mwanzoni. Akakubali kupasuliwa. Kanisa likafunga na kuomba. Siku ya Yenga akasimama mbele, akatoa ushuhuda, vigelegele vikapigwa. Kiisha juma chache hospitali inamwita: sherti apasuliwe tena.

Hapo ndipo moyo wa wengi unavunjika, kuliko hata siku ya habari ya kwanza. Mara ya kwanza mtu anakusanya nguvu zake zote. Mara ya pili nguvu hizo zimekwisha kutumika. Tena kuna haya: "Nitasema nini kanisani? Ushuhuda wangu ulikuwa uongo?"

Tufahamu kwanza kile kinachofanyika. Kansa inapoonekana mapema, mara nyingine munganga anaweza kuondoa kivimbe na kuliacha titi. Anakata kivimbe pamoja na nyama nzima kidogo inayokizunguka. Nyama hiyo inapelekwa labo. Huko wanapaka wino kandokando yake, wanaikata vipande vyembamba sana, na kuviangalia kwa mikroskopu. Wakiona kansa haifiki kwenye wino, kando ni safi. Wakiona imegusa wino, labda kuna mabaki ndani ya titi, na ni lazima kurudi kuyaondoa. Jicho la munganga, hata akiwa fundi namna gani, haliwezi kuona mambo hayo wakati wa kupasua. Kwetu labo za kazi hii ni chache, na nyama inaweza kutumwa mji mwingine. Ndiyo maana majibu yanakawia.

Basi, kurudishwa kwenye meza ya kupasuliwa si kusema kwamba kansa imerudi. Si kusema kwamba munganga ni mjinga, ao kwamba kuna mtu amekuloga. Huko Uingereza, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kati ya wamama watano waliopasuliwa bila kuondolewa titi lote, karibu mmoja alipasuliwa tena. Hiyo ni nchi yenye hospitali kubwa na vyombo vingi. Kupasuliwa tena ni sehemu ya kazi yenyewe, kama mkulima anayerudi shambani kutafuta mizizi ya majani mabaya iliyobaki chini ya udongo. Wengine wanarudi ili titi lote liondolewe, ao tezi za kwapani ziangaliwe. Na yale maneno ya mtaani kwamba kisu ndicho kinasambaza kansa, tuyakatae. Wamama wengi wameyasikia, wakakimbia hospitali, na kansa ikapata nafasi ya kukua.

Sasa tufungue Neno. Kule Betsaida walimleta kipofu kwa Yesu. Bwana alimwekea mikono, na yule mtu akaona, lakini si vizuri: watu walikuwa kwake kama miti inayotembea. Yesu akamwekea mikono tena, ndipo akaona wazi. Tuulize: mguso wa kwanza ulikuwa wa uongo? Hapana. Yule kipofu alisema ukweli juu ya kile alichokiona saa ile, na Bwana hakumkemea. Vilevile mama aliyetoa ushuhuda alisema ukweli. Mungu alimfikisha pale. Sasa anamfikisha mbele. Ushuhuda unaweza kutolewa njiani, safari ikiwa bado haijaisha.

Na woga je? Elia, mtumishi aliyeshusha moto, alilala chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumhubiria kwanza. Alimpa usingizi na chakula. Na malaika alirudi mara ya pili, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Yesu katika Getsemane alihuzunika sana, akaomba ombi lile lile mara tatu, akawataka rafiki zake wakeshe naye. Kama Bwana mwenyewe alihitaji watu karibu naye usiku ule, dada yetu anayelia juu ya mwili wake hajakosa imani hata kidogo.

Kwako dada unayengoja siku ya pili. Kulia, kukasirika, kukosa usingizi, kuogopa kujiangalia kwenye kioo, hayo yote yanawapata watu wa Mungu. Usiyafiche. Chagua mtu mmoja unayemwamini, aende nawe kwa munganga, kwa maana mwenye hofu anasikia nusu tu ya maneno. Andika maulizo yako kwenye karatasi: Kando zimekuwa safi? Tezi za kwapani zinasema nini? Titi litabaki ao litaondolewa? Kiisha hapo kuna dawa gani? Kuuliza si kukosa heshima. Jaribu kula na kulala. Na kama juma mbili zinapita huwezi kula wala kulala, ao mawazo ya kufa yanakujia, usingoje: mwambie munganga na mchungaji siku ileile. Huo nao ni ugonjwa, na una msaada wake.

Kwa bwana yake. Mama anaogopa kisu, lakini mara nyingi anaogopa zaidi kwamba wewe utaondoka. Mwambie kwa kinywa chako kwamba unabaki. Usidhani anajua. Enda naye hospitali, hata kama utakaa tu kwenye benchi.

Kwetu sisi kanisa. Tusimwulize, "Ni nani alikutendea hivi?" Tusimwambie aache dawa ili aonyeshe imani. Yakobo 5:14 inawatuma wazee wampake mafuta mgonjwa na kumwombea, nasi tutafanya hivyo. Lakini Isaya naye aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia, ingawa Mungu alikuwa amekwisha kuahidi kumponyesha. Maombi na dawa havigombani. Tena tusitangaze habari zake kwenye mikrofoni bila ruhusa yake. Mwenye mwili ndiye mwenye habari.

Kiisha maombi, tusaidie kwa mikono. Mtu aliyepasuliwa titi na kwapa hawezi kubeba bidoni ya maji ya lita 20, wala kufua, wala kutwanga sombe, mpaka munganga aruhusu. Kikundi cha wamama kinaweza kugawana siku: mmoja achote maji, mwingine apike, mwingine alaze watoto. Wababa wachange pesa ya safari na ya labo. Tufanye hivyo mara ya kwanza, na tusichoke mara ya pili, kwa maana mara ya pili watu wanapunguka mlangoni.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe ulirudia kuweka mikono yako juu ya kipofu. Rudia kwa dada zetu wanaorudi hospitali. Ongoza mkono wa munganga, tuliza usiku wa kungoja, na utufanye sisi kuwa watu wanaokesha pamoja nao. Amina.