Mbwa Mkubwa Nyumbani: Shepadi au Rijibaki?

Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Leo tutazungumza juu ya yule anayekesha nje ili hao wote wakutwe salama asubuhi. Huyo ni mbwa.

Msikilizaji wetu mmoja ametuandikia hivi: "Mimi ni mfugaji wa sehemu za tambarare, penye joto. Nina watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi na mitano na mdogo ana minne. Nina mbuzi kumi na kuku. Nataka mbwa mkubwa atakayekuwa mlinzi na pia rafiki wa watoto. Nimeonyeshwa watoto wa mbwa wa aina mbili, Jamani Shepadi na Rodeshia Rijibaki. Je, yupi mkali zaidi?"

Ndugu yetu, ahsante kwa barua. Ila hilo swali la mwisho tunaomba tuliweke kando kidogo. Mbwa hawa wote wawili ni wakubwa, na mwizi akisikia sauti zao atapita njia nyingine. Swali la kujiuliza ni hili: yupi kati yao utaweza kumtimizia haja zake kila siku, kwa miaka kumi au zaidi? Maana mbwa asiyetimiziwa haja zake, ukali wake hauchagui. Leo atamrukia mwizi, kesho atamng'ata mtoto wa nyumbani. Basi tuwaangalie mmoja mmoja.

Tuanze na Shepadi. Huyu wengi wetu tumemwona akiwa na askari, ndiyo maana watu humwita mbwa wa polisi. Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1899 bwana mmoja aitwaye Max von Stephanitz alianzisha chama cha kumwendeleza, kutokana na mbwa wa wachunga kondoo wa huko. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza haikuwa kukamata wezi, ilikuwa kuzunguka kundi la kondoo mchana kutwa asiache hata mmoja apotee. Dume lina uzito wa kilo 30 hadi 40, na jike kilo 22 hadi 32.

Kutokana na kazi hiyo, Shepadi ni mwepisi wa kujifunza na anapenda kuwa karibu na bwana wake. Lakini akili hiyo inataka kazi. Ukimwacha bila kazi atajitafutia mwenyewe: kubweka usiku kucha, kuchimba bustani, au kuwafukuza watoto wanaokimbia na kuwauma visigino kama alivyofanya babu yake kwa kondoo. Wanaomwona mbwa wa polisi akitii kila neno wanasema amezaliwa hivyo. Sivyo! Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Yule mbwa ana mtu wake anayemfundisha kila siku.

Tena Shepadi ana manyoya ya tabaka mbili, marefu juu na mazito chini. Sehemu za baridi kama Njombe au Limuru, manyoya hayo ni blanketi. Sehemu za joto ni mzigo. Anahitaji kivuli na maji mengi, na kuchanwa kwa brashi mara mbili au tatu kwa wiki. Msimnyoe kwa kumwonea huruma, kwani manyoya hayo pia humkinga na jua. Na kupe hujificha humo ndani, usipopapasa kwa vidole huwaoni.

Sasa Rijibaki. Huyu ni wa Afrika yetu ya kusini. Wenyeji Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye mstari wa nywele mgongoni uliolala kinyume, kuelekea kichwani. Mbwa hao walichanganyika na mbwa wa walowezi wa Kizungu, na mwaka 1922 wafugaji walikutana Bulawayo, mji ulioko Zimbabwe ya leo, wakaandika sifa za aina hii. Wawindaji walimtumia kwa simba. Si kwamba alimwua simba, la! Alimzunguka na kumbwekea, akimkwepa, mpaka mwenye bunduki afike. Dume ni kama kilo 36, jike kama 32, na kwa kimo humpita Shepadi kidogo.

Manyoya yake ni mafupi, rangi ya ngano au nyekundu. Joto analivumilia vizuri zaidi, na kupe huonekana upesi. Habweki ovyo, kwa hiyo akibweka toka nje ukaangalie. Kwa watu wake ni mpole. Lakini tusidanganyane, naye ana taabu zake. Ni mbwa wa kuwinda, akiona kitu kinakimbia damu humchemka. Ua wenye matundu haumzuii, na mbuzi wa jirani hawezi kujua kwamba mbwa huyu anacheza tu. Pia ana kichwa kigumu. Shepadi hukuuliza, "Nifanye nini?" Rijibaki hukuuliza, "Kwa nini nifanye?" Ukimpiga hukasirika na kukukimbia. Anataka subira, na huchukua kama miaka miwili kutulia akili.

Yapo mambo yanayowahusu wote wawili, na hapa ndipo wengi hukosea.

La kwanza ni chakula. Mbwa wa ukubwa huu hula karibu nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku. Piga hesabu: kwa mwaka ni zaidi ya kilo 180, yaani kwa uzito karibu magunia mawili ya mahindi. Ukimpikia ugali, uchanganye na dagaa au nyama, kwa sababu ugali mtupu haumtoshi. Umgawie mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na asikimbizwe akishashiba. Mbwa wakubwa wenye kifua kirefu tumbo lao huweza kujaa hewa na kujisokota, na hapo wasipofika kwa daktari upesi hufa. Tena usimpe maini na mapafu mabichi ya mbuzi yenye malengelenge ya maji. Mbwa hupata minyoo kutokana na hayo, na mayai ya minyoo hiyo humwingia mtoto anayemshika mbwa kisha akala bila kunawa. Malengelenge yale yale huota ndani ya mwili wa mtoto.

La pili ni kununua kwa macho. Usichukue mtoto wa mbwa mwenye umri chini ya wiki nane. Omba umwone mama yake, na baba ikiwezekana. Mama akiwa mwoga au mkali bila sababu, rudi nyumbani. Kwa Shepadi, mwangalie mama anavyotembea nyuma, kwani ugonjwa wa nyonga hurithiwa. Kwa Rijibaki, papasa mstari wa mgongo toka shingoni hadi mkiani. Ukigusa kitu kama uzi mgumu chini ya ngozi, hicho ni kijitundu cha kuzaliwa nacho ambacho huingia ndani na kuoza. Mwache, au mwite daktari wa mifugo kwanza.

La tatu ni chanjo. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu wetu, na wengi wao ni watoto walioumwa na mbwa. Mbwa achanjwe akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, na siku hiyo hiyo aende kituo cha afya. Asingoje kuona dalili. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kuhusu kupe, dawa ya josho la ng'ombe usimmwagie mbwa kwa kukisia. Muulize Bwana Mifugo.

La nne, na hili tunalisema kwa msisitizo, ni mnyororo. Wapo wanaoamini kwamba mbwa akifungwa mchana kutwa atakuwa mlinzi bora usiku. Mbwa wa namna hiyo hajui mgeni wala mwenyeji. Amejifunza jambo moja tu, kwamba kila anayemkaribia ni adui. Siku mnyororo ukikatika, wa kwanza kukutana naye ni yule mtoto wa miaka minne aliyefuata mpira. Mjengeeni banda lenye paa na kivuli, na ua imara atembee. Na mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa mkubwa, hata awe mpole namna gani. Mbwa akila, akilala au akinyonyesha, watoto wakae mbali.

Haya, ndugu yetu, turudi kwako. Ungekuwa unaishi penye baridi, na kijana wako mkubwa yuko tayari kumfundisha mbwa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, tungesema chukua Shepadi. Lakini uliko ni penye joto, basi Rijibaki anakufaa zaidi, tena jike, kwa kuwa ni mwepesi kidogo na rahisi kumwongoza. Ila usimlete leo. Kwanza ziba matundu ya ua, uzungushie seng'enge pale michongoma ilipokufa. Kisha mlete akiwa mdogo, umzoeze na mbuzi na kuku siku ya kwanza akiwa amefungwa kamba mkononi mwako, na kila siku mpaka awaone kama ndugu. Samaki mkunje angali mbichi. Pia waarifu majirani. Wengine kwa sababu ya dini hawapendi kuguswa na mbwa, na ni haki yao.

Na kama unaondoka alfajiri na kurudi usiku, na nyumbani hakuna wa kushughulika naye, basi waache wote wawili. Mbwa wetu wa kienyeji aliyechanjwa, akashiba na kupendwa na watoto, atabweka vizuri tu mwizi akija, na hatakula magunia mawili kwa mwaka.

Ndugu wasikilizaji, wenye maswali zaidi mwoneni Bwana Mifugo wa kata yenu kabla ya kutoa fedha.