Barua yenye sahihi, ukuta usio na jina

Julai 1971, rais wa serikali ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kijana wa Kikenya aitwaye Symonds Akivaga, alimwandikia Makamu Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, barua ya wazi. Alilalamikia urasimu, na mambo ya wanafunzi kuamuliwa bila wanafunzi. Chini akaweka jina lake. Haikuchukua muda: alisimamishwa masomo, polisi wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia wakapanda Mlimani, kilipo chuo, na silaha zao, naye akarudishwa Kenya. Wenzake wakagoma kuingia darasani.

Mlimani hapohapo palikuwa na mwandishi mwingine ambaye hakuwahi kusaini chochote. Watu walimwita Mzee Punch. Kazi yake ilikuwa ya usiku: karatasi zenye michoro na maneno zinabandikwa ukutani gizani, asubuhi watu wanasongamana kusoma. Awali Punch alikuwa na heshima yake. Aliwasema wakubwa, akafichua yaliyofichwa, akawachekesha waliokuwa wamechoka kunyamaza. Baadaye akawageukia wasichana. Alichora miili yao, akatangaza siri za kweli na za kutunga, akampa kila mmoja jina la aibu. Kubandua karatasi kulikuwa hatari, kwa kuwa anayebandua ndiye anayefuata. Hata kukaa meza moja na msichana aliyechorwa kulitosha kukuponza. Kwa hiyo marafiki walijitenga mmoja baada ya mwingine, na aliyeandamwa akabaki peke yake katikati ya umati.

Februari 1990 mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kuandamwa hivyo. Jina lake linajulikana. Siliandiki hapa, maana lilishaandikwa ukutani kupita kiasi. Hapo ndipo Punch alipopigwa marufuku. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa na miaka michache tu tangu kianzishwe, kilipaza sauti juu ya kifo kile, na nchi ikaanza kuzungumzia unyanyasaji wa kijinsia kwa namna ambayo haikuwa imezoea.

Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa sababu yananiuma. Aliyeisema menejimenti kwa jina lake alishughulikiwa mara moja. Aliyewaumiza wasichana bila jina alivumiliwa miaka na miaka, akaitwa mila ya chuo.

Akivaga hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Oktoba 22, 1966, wanafunzi waliovaa majoho yao waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Bango moja lilidai kwamba heri enzi za ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwapokea na kuwasikiliza hadi mwisho. Kisha akawaka: akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na karibu wanafunzi 400 wakarudishwa makwao. Wengi walirejeshwa mwaka uliofuata. Novemba 1970 likapigwa marufuku jarida la wanafunzi, Cheche, lililokuwa limechapa uchambuzi wa Issa Shivji kuhusu matabaka ya Tanzania miezi miwili tu kabla, pamoja na chama cha wanafunzi, USARF, kilichowahi kuongozwa na Yoweri Museveni. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba jina Cheche limeazimwa kwa Warusi, na ujamaa wetu hauhitaji kuazima. Machi 5, 1978 wanafunzi waliingia barabarani kupinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mamia walifukuzwa, mtoto wa Rais akiwemo.

Katika lile la 1966 namwona Nyerere mkali, lakini angalau aliwasikiliza waliomjia uso kwa uso, akajibu na kuugusa mfuko wake mwenyewe kabla ya mifuko ya wengine. Adhabu ilikuwa kubwa mno, ila mabishano yalikuwapo. Barua ya Akivaga ilijibiwa na polisi.

Mwaka 1990 wenyewe ulibeba yote kwa pamoja. Februari ni kifo kile. Aprili 19 wanataaluma wakapitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Mei, kufuatia mgomo wa wanafunzi, serikali ikafunga chuo hadi Januari 1991.

Siku hizi ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, na mwanafunzi wa chuo cha umma ni mtu. Lakini fungua kijitabu cha kanuni anachopewa siku ya usajili: utakuta makosa kama kuharibu sifa ya chuo. Sifa gani, inaharibiwa vipi, na nani anapima? Kosa lisilo na mipaka hutoshea shingo yoyote. Kumdhalilisha mwenzako kunaelezeka vizuri kabisa: kuna aliyefanya, aliyefanyiwa, na karatasi au picha ya simu. Hilo lipewe kifungu kilichonyooka na adhabu inayoeleweka. Ukosoaji wa utawala uondolewe kwenye kamati ya nidhamu. Kamati haiwezi kuwa mlalamikaji na hakimu.

Mwezi uliopita nilikaa na wanafunzi watatu wa chuo kimoja cha umma kwenye kimbweta chini ya mwembe. Walisema hosteli yao ilikuwa na wiki mbili bila maji, na ndoo wanazibeba hadi ghorofa ya tatu. Niliwauliza kama wameandika barua. Mmoja akatazama huku na huku, akainamisha kichwa. "Mama, andika tu wewe," akasema, "lakini majina yetu usiyaweke."