Swali la Maji ya Moto: Miaka Sitini ya Fizikia Mlimani na Darasa la Bonga

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hata hivyo, katika madarasa mengi ya sayansi mwanafunzi anayeuliza jambo lisilopatana na kitabu huonekana mjinga mara mbili: kwanza kwa kutokujua, na pili kwa kutokuona haya. Historia ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina kisa kimoja kinachoonyesha hasara ya desturi hiyo, na faida ya kuiacha.

Kisa hicho kinafaa kusimuliwa Bonga. Mahali hapa pako kilomita zipatazo 19 kusini mwa mji wa Babati, mkoani Manyara, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Tangu barabara hiyo ya lami ilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, safari imekuwa nyepesi. Lakini kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu mwenye daftari la fizikia, chuo kikuu kingali mbali. Yeye hudhani kuwa sayansi hutengenezwa huko, kisha huletwa kwake ikiwa imekwisha kukamilika, kazi yake ikiwa ni kuikariri tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo ilivyo.

CHIMBUKO LA FIZIKIA MLIMANI

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya uhuru wa Tanganyika. Kilianza kikiwa chuo kidogo chenye wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na vyuo vya Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani.

Katika miaka hiyo ya mwanzo, Mtanganyika aliyetaka shahada ya fizikia hakuwa na budi kwenda nje ya nchi. Hali hiyo ilibadilika mwaka 1965 Kitivo cha Sayansi kilipofunguliwa. Kazi mojawapo kubwa ya kitivo hicho tangu awali ilikuwa kuandaa walimu wa sayansi wa shule za sekondari, kwani taifa changa haliwezi kupata wahandisi na madaktari pasipo walimu wa kuwaandaa. Tarehe 1 Julai 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawanywa, na Dar es Salaam ikapata chuo kikuu chake kamili. Leo Idara ya Fizikia imo ndani ya Ndaki ya Sayansi Asilia na Tumizi.

Idara hiyo imetoa watu wa namna nyingi. Dakta Mohamed Gharib Bilal, mtaalamu wa fizikia ya nyuklia, alifundisha hapo kabla ya kuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar na, kati ya mwaka 2010 na 2015, Makamu wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Katika utafiti, nishati ya jua imekuwa miongoni mwa mada zilizoshughulikiwa kwa muda mrefu, jambo linaloeleweka katika nchi yenye jua tele na vijiji vingi vilivyokaa miaka mingi bila umeme. Aidha, lugha haikuachwa nyuma: mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyoko Mlimani hapo hapo, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia.

Chuo kiliadhimisha miaka 50 mwaka 2011 na miaka 60 mwaka 2021. Sayansi, iliyoanza mwaka 1965, ilitimiza miaka yake 60 mwaka 2025. Katika maadhimisho ya namna hii watu huhesabu majengo, wahitimu na maprofesa. Lakini kazi iliyolitangaza jina la fizikia ya Dar es Salaam duniani kuliko nyingine yoyote haikuanzia katika ofisi ya profesa. Ilianzia katika trei ya maziwa.

KISA CHA AISKRIMU

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kujitengenezea aiskrimu: walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia ndani ya jokofu. Nafasi ilikuwa haba. Siku moja mwenzake mmoja alichanganya maziwa na sukari bila kuchemsha, akawahi nafasi yake. Mpemba, kwa kuogopa kuikosa trei ya mwisho, aliyatia maziwa yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamekwisha kuganda. Ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Mpemba alimwuliza mwalimu sababu, akaambiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Akanyamaza, lakini hakusahau. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kuwa yeye pia hutia mchanganyiko ungali moto ili ugande upesi. Kumbe jambo lililokuwa mwiko darasani lilikuwa maarifa ya kawaida sokoni.

Alipofika Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, alifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Akauliza tena, na safari hii akapewa jina la mzaha: jibu lisilo sahihi likawa linaitwa fizikia ya Mpemba. Hakukata tamaa. Siku moja aliikuta maabara ya biolojia iko wazi, akatwaa bika mbili, akatia maji ya bomba katika moja na maji ya moto katika nyingine, akaziweka jokofuni, na matokeo yakamtia moyo.

Ndipo Profesa Denis Osborne wa Idara ya Fizikia, Dar es Salaam, alipoalikwa Mkwawa kuzungumza juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba alisimama. Aliuliza kwa nini, kati ya maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100 yaliyo sawa kwa wingi, yale ya nyuzi 100 hutangulia kuganda. Wenzake wakacheka. Osborne naye aliona jambo lenyewe ni gumu kuaminika, lakini alimwuliza kijana kama amelijaribu kweli, kisha akaahidi kulijaribu mwenyewe.

Aliporudi Mlimani alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, akaongeza kuwa wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Walirudia, jibu likawa lile lile. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha matokeo yao pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa akisomea hifadhi ya wanyamapori katika Chuo cha Mweka, Moshi. Tangu hapo jambo hilo hujulikana duniani kote kwa jina lake.

KWA NINI WALICHEKA?

Ni haki kuwatetea waliocheka, kwa sababu hoja yao ina nguvu. Maji ya nyuzi 100 hayawezi kufika sifuri bila kupita kwanza nyuzi 35. Yakifika hapo, yana tofauti gani na maji yaliyoanza na nyuzi 35? Safari iliyobaki ni ile ile, na muda wa kutoka 100 hadi 35 umekwisha kupotea.

Kosa la hoja hiyo limejificha katika kudhani kwamba namba moja ya kipimajoto inatosha kueleza hali yote ya maji. Haitoshi. Maji yaliyopitia joto kali yanaweza kufika nyuzi 35 yakiwa yamebadilika. Kwanza, sehemu yake imevukizwa, hivyo yamebaki machache zaidi. Kama maji yangepoa kutoka nyuzi 100 hadi sifuri kwa uvukizi peke yake, yangepungua kwa asilimia 16 hivi. Pili, gesi zilizoyeyuka ndani yake zimefukuzwa na joto. Tatu, sehemu ya juu huwa moto kuliko ya chini, na mzunguko wa maji ndani ya chombo huendelea kupeleka joto juu, ambako hupotea hewani. Nne, chombo cha moto huweza kuyeyusha barafu iliyoota chini yake jokofuni, kikagusana vizuri zaidi na ubaridi.

Osborne na Mpemba walijaribu kuzipima baadhi ya sababu hizi. Waliona kuwa maji yaliyoanza karibu na nyuzi 25 ndiyo yaliyochelewa zaidi kuanza kuganda. Waliona pia kuwa utando wa mafuta juu ya maji ulichelewesha kuganda kwa saa kadhaa, dalili kwamba joto jingi hutokea juu. Hata hivyo, maji yaliyopotea kwa uvukizi yalikuwa machache mno kuweza kuwa sababu pekee.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, na majibu zaidi ya 22,000 yakapokewa. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kuwa maji ya moto hupoa upesi zaidi. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada walionyesha jambo linalofanana na hilo kwa chembe ndogo mno ya kioo iliyoelea majini, ambayo mwendo wake uliweza kudhibitiwa barabara. Swali la mwanafunzi wa Magamba limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya nusu karne.

JARIBIO LA BONGA

Je, shule isiyo na jokofu itashiriki vipi? Inaweza, tena kwa vifaa vichache.

Jaribio la kwanza ni la nyuzi 100 zenyewe. Vitabu husema maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hiyo ni kweli kwa usawa wa bahari, kama pale Dar es Salaam. Kadiri mtu apandavyo, kanieneo ya hewa hupungua na maji huchemka mapema: takriban nyuzi 1 hupungua kwa kila mita 300. Eneo la Babati liko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hapa huchemka kwenye nyuzi 95 na kitu. Mwanafunzi achemshe maji, ashike kipimajoto kisiguse chini ya sufuria, asome namba, aitoe katika 100, kisha azidishe kwa 300. Atapata makadirio ya urefu wa shule yake kutoka baharini. Akumbuke tu kuwa kosa la nyuzi 1 katika kusoma huleta kosa la mita 300 katika jibu.

Hapa pana fundisho jingine. Iringa, ambako Mpemba aliuliza swali lake, iko juu ya mita 1,500. Huko nako maji hayafiki nyuzi 100. Kijana aliyethubutu kukipinga kitabu alikuwa bado na namba ya kitabu mdomoni! Wala si aibu. Ni ukumbusho kwamba hata mdadisi hodari huacha jambo moja bila kulipima.

Jaribio la pili linahitaji makopo mawili yaliyo sawa na mafuta ya alizeti kidogo, zao lijulikanalo sana Manyara. Mimina maji ya moto kwa kipimo kile kile katika kila kopo, kwa uangalifu. Kopo moja litiwe juu yake mafuta kiasi cha kufunika uso wa maji. Soma halijoto ya kila kopo baada ya kila dakika 2 kwa muda wa nusu saa, kisha chora grafu mbili. Kopo lenye mafuta litakawia kupoa, kwa kuwa uvukizi umezuiwa. Gramu 1 ya maji ikivukizwa huchukua joto linalotosha kupoza zaidi ya gramu 500 kwa nyuzi 1. Ndiyo siri ile ile inayofanya maji ya mtungi yawe baridi wakati wa jua kali, siri iliyojulikana na wafinyanzi zamani kabla ya neno thermodinamiki kufika Afrika Mashariki.

MAADHIMISHO YA KWELI

Osborne angeweza kucheka pamoja na ukumbi mzima, na hakuna ambaye angemlaumu. Kama angecheka, Idara ya Fizikia ingeipoteza kazi yake mashuhuri kuliko zote, na wala isingejua kuwa imeipoteza. Hiyo ndiyo hasara ya swali linalozimwa: haionekani katika taarifa yoyote ya mwaka.

Shule zetu zina upungufu wa walimu wa fizikia na wa vifaa, na jambo hilo halitatuliwi kwa maneno matupu. Lakini kuna kitu ambacho mwalimu wa Bonga anacho sawasawa na profesa wa Mlimani: uwezo wa kumjibu mwanafunzi, "Sijui, tulijaribu na tuone." Idara inapohesabu miaka yake 60, na ihesabu pia madarasa ambamo sentensi hiyo hutamkwa. Huenda miaka mingine 60 ya fizikia ya Tanzania inaanzia huko, kwa mwanafunzi ambaye leo ameinua mkono huku wenzake wakianza kucheka.