Dawa Imebadilika Rangi: Ni ya Kiwanda Gani?

Mama mmoja alifika kliniki yetu na binti yake wa miaka 11. Binti huyo alikuwa amekaa mwaka mzima bila kuanguka kifafa, lakini wiki ile alianguka mara tatu, na mara ya mwisho aliungua mkono jikoni. "Shikamoo sista," alisema mama, "safari hii mlinipa dawa siyo. Nimezoea vidonge vyeupe, mkanipa vya rangi. Nikavitupa chooni."

Dawa ilikuwa ile ile, fenitoini ya miligramu 100. Kilichobadilika ni kiwanda. Kosa lilikuwa letu sisi wa dirishani, kwa kuwa hatukumweleza. Tena hata mimi sikuweza kumwonyesha kiwanda hicho, maana vidonge vilihesabiwa kutoka katika kopo la vidonge 1000 na kutiwa kwenye bahasha, na kopo lenyewe lilikuwa limekwisha kutupwa.

Wapendwa wasomaji, kila dawa ina jina lake la kitaalamu la kimataifa, kama vile parasetamoli au fenitoini. Haki ya kampuni iliyoigundua ikiisha muda, viwanda vingine huruhusiwa kuitengeneza, na bei hushuka. Ndiyo sababu mwezi huu unapewa kidonge cha mviringo na mwezi ujao kirefu. Kiini ni kimoja. Rangi, umbo na unga wa kujazia ni vya kiwanda.

Kwa dawa nyingi tofauti hiyo haina madhara. Fenitoini yahitaji uangalifu zaidi, kwani kipimo kinachotibu na kile kinachodhuru vimekaribiana mno. Mwaka 1968 huko Brisbane, Australia, wagonjwa wengi wa kifafa walionyesha dalili za kulewa dawa bila kuzidisha hata kidonge kimoja. Ikagundulika kwamba kiwanda kilikuwa kimebadili unga wa kujazia tu, kikaweka laktosi, yaani sukari ya maziwa, na dawa ikawa inaingia mwilini kwa wingi zaidi.

Je, utakijuaje kiwanda? Geuza boksi utafute maneno "Manufactured by" au kifupi chake, "Mfd. by". Yanayofuata ni jina la kiwanda na nchi. Usichanganye na "Marketed by" au "Distributed by", ambaye ni muuzaji au msambazaji. Maandishi makubwa ya mbele aghalabu ni jina la biashara, nalo halikuambii kiwanda. Andika pia namba ya toleo, "Batch No." Oktoba 2022, Shirika la Afya Duniani lilipotoa onyo juu ya dawa nne za maji za watoto zilizopatikana Gambia, lilitaja majina ya dawa hizo na ya kiwanda. Aliyetupa boksi angejuaje kama chupa yake ni mojawapo?

Ukikatiwa vidonge vinne dukani, mara nyingi maandishi hubaki kwa muuzaji. Mwombe uyanakili, hata akinuna. Usitegemee sura ya kidonge. Marekani, tangu miaka ya 1990, sheria inataka vidonge viwe na alama ya kuvitambulisha. Huku kwetu vingi vina mstari tu katikati.

Dawa ya kifafa ikibadilika sura, usiiache ghafla. Rudi upesi na vidonge vyenyewe ukaulize. Ukishuku kuwa ni bandia, mpelekee mfamasia wa wilaya pamoja na boksi lake, naye atawafikishia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Siku hizi dirishani kwetu tunaandika kiwanda na namba ya toleo juu ya kila bahasha ya dawa ya kifafa. Foleni imekuwa ndefu na watu wananung'unika. Yule mama haneni kitu. Kila mwezi huja na bahasha ya zamani yenye kidonge kimoja ndani, tukakilinganisha na kipya mbele yake.